Shule ya chumba kimoja: nani aliijenga, na nani alilipa?

Msomaji wetu anayeishi Lincoln, Nebraska, mzaliwa wa Kigoma, ameuliza hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la nne, na mwezi uliopita nilifuatana na darasa lao kwenda Beatrice kuona shule ya zamani ya matofali, iitwayo Freeman. Chumba kimoja tu! Tuliambiwa wakulima wa huku walipewa ardhi bure na serikali. Nikajiuliza, na shule je, walipewa? Mwalimu mmoja aliwezaje kufundisha madarasa manane pamoja? Na kama ilikuwa nzuri kama wanavyoisifu, mbona waliifunga? Mwanangu naye ana lake: mbona barabara za huku zimenyooka kama zimepigwa rula?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la mjukuu, maana yeye ndiye aliyeshika shina.

Barabara zenu zimenyooka kwa sababu ardhi ilipimwa kwanza, watu wakaja baadaye. (Nitasahihisha hilo neno "watu" huko mbele.) Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya serikali ikatwe miraba ya maili 6 kwa maili 6. Kila mraba ukagawanywa vipande 36, kila kipande maili 1 ya mraba, sawa na ekari 640, na kila kimoja kikapewa namba yake. Barabara zilipokuja kuchongwa zilifuata mipaka ya vipande hivyo. Ndiyo maana ukiendesha gari nje ya mji unakutana na njia panda kila baada ya maili moja.

Sasa sikia hili. Sheria ileile ilisema kipande namba 16, kilicho karibu na katikati ya mraba, kitengwe kwa ajili ya shule. Nebraska ikaongezewa na namba 36. Kwa hiyo kwenye karatasi shule ilikuwapo tangu 1785, ilhali matofali mliyoyagusa Beatrice yalipangwa mwaka 1872.

Wengi hudhani shule ilijengwa juu ya namba 16. Sivyo. Kipande hicho kiliuzwa au kukodishwa, na fedha zikaingia kwenye mfuko wa elimu wa jimbo. Shule yenyewe ilisimama pale watoto walipoweza kufika kwa miguu, mara nyingi kwenye kona ya shamba la mtu. Na fedha za mfuko hazikutosha. Kwa hiyo jibu fupi la swali lako la kwanza ni hili: hawakupewa. Walijitoza wenyewe.

Hata hiyo ardhi, neno "bure" linahitaji kupepetwa. Abraham Lincoln aliitia saini sheria ya mashamba tarehe 20 Mei 1862. Ilimpa ekari 160, robo ya kipande, mtu yeyote aliyetimiza miaka 21 au aliye mkuu wa kaya, raia au aliyetangaza nia ya kuwa raia, mradi hajawahi kushika silaha dhidi ya Marekani. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa. Mjane aliruhusiwa. Ada zote kwa jumla zilikuwa dola 18. Kisha ukae miaka 5, ujenge nyumba, ulime, na mwishowe ulete majirani wawili waape kwamba kweli umekaa na umelima. Daniel Freeman, ambaye shamba lake liko jirani na shule mliyoitembelea, inasimuliwa kwamba alijiandikisha kwenye ofisi ya ardhi ya Brownville usiku wa manane ulipopita tu, tarehe 1 Januari 1863, siku sheria ilipoanza kutumika.

Dola 18 si nyingi. Lakini plau, maksai, mbegu na chakula cha mwaka mzima kabla ya mavuno ya kwanza havikuwemo katika hizo 18. Katika maisha yote ya sheria hiyo serikali ilitoa hati karibu milioni 1.6, kwenye ekari kama milioni 270. Wengine wengi walijiandikisha wakashindwa: ukame, nzige, deni, upweke. Nawaambia wanafunzi wangu wasome hiyo miaka 5 kama dau. Serikali inaweka ekari 160 mezani, mkulima anaweka familia yake.

Mtu wa namna hiyo anapata wapi fedha ya kujenga shule? Hapa pana ujanja ambao maonyesho ya makumbusho huwa hayausimulii sana. Shamba ambalo mkulima hajalipatia hati lilikuwa bado mali ya serikali kuu, na mali ya serikali kuu haitozwi kodi ya ardhi. Lakini mkulima huyohuyo, hata kabla ya hati, alikuwa mkazi mwenye haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa wilaya ya shule. Na jirani na shamba lake palikuwa na ardhi ya kampuni za reli, ardhi ya walanguzi waliokaa miji ya mashariki wakingoja bei ipande. Hizo zilitozwa. Basi wanakijiji wanakutana, wananyoosha mikono, kodi ya shule inapita, na sehemu nzuri ya bili inamwendea mtu aliye mbali ambaye hata hajui kwamba pamefanyika mkutano. Wenye ardhi walilalamika sana. Mimi siwaonei huruma.

Wilaya ya shule yenyewe ilikuwa kitu kidogo ajabu. Usifikirie wilaya ya kwetu yenye mkuu wa wilaya na gari la serikali. Ilikuwa familia kumi, ishirini, na kamati ya watu watatu: mwenyekiti, mkurugenzi na mweka hazina. Watatu hao ndio walioajiri mwalimu, wakapanga mshahara wake, wakanunua kuni, wakaamua shule ifunguliwe lini. Kansas, tangu ilipokuwa jimbo mwaka 1861, iliruhusu wanawake kupiga kura katika mambo ya shule, karibu miaka 60 kabla ya katiba ya nchi kuwapa wanawake wote kura ya rais. Mlango wa shule ndio uliokuwa mlango wa kwanza wa siasa kwa mama wengi wa mbugani.

Shule ya Freeman ilikuwa ya kifahari, usiichukulie kuwa mfano wa zote: kuta za matofali mekundu unene wa futi moja. Magharibi zaidi, ambako mti ulikuwa kitu cha kusimuliwa, shule ya kwanza ilikuwa ya udongo. Walilima mbuga kwa plau maalumu, wakainua ukanda wa ardhi pamoja na majani na mizizi yake, wakaukata vipande mfano wa matofali makubwa, wakavipanga majani yakielekea chini. Mizizi ya nyasi za mbuga imefumana kama mkeka, kwa hiyo ukuta ulishikana. Ndani palikuwa na joto la kutosha wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto. Shida ilikuwa paa. Mvua ikinyesha siku mbili, paa huvuja siku nne. Na panya na nyoka hawakuona tofauti kati ya ukuta ule na ardhi waliyoizoea.

Haya, tuingie darasani.

Kwanza ondoa neno "darasa la nne" kichwani. Mwanzoni hapakuwa na madarasa kwa maana yetu. Mtoto alipimwa kwa kitabu alichofika. Vitabu vya kusomea vya McGuffey, vilivyoanza kutoka mwaka 1836, vilikuwa na ngazi zake, la kwanza, la pili, la tatu, na kijana wa miaka 14 aliyekosa masomo kwa ajili ya mavuno angeweza kukaa kitabu kimoja na mtoto wa miaka 9. Hakuna aliyemcheka sana, maana kila mtu alijua mahindi hayajivuni yenyewe.

Mbele ya chumba, karibu na meza ya mwalimu, palikuwa na benchi refu. Mwalimu anaita, "Kusoma, kitabu cha pili!" Watoto watatu wanainuka, wanakaa kwenye benchi, kila mmoja anasoma kwa sauti, anaulizwa maana ya neno, anasahihishwa. Dakika kumi. Wanarudi. "Hesabu, wakubwa!" Wanakuja wawili. Wakati huohuo waliobaki kwenye madawati wanafanya kazi kwenye vibao vyao vya kuandikia, na kuandika huko kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kusikia. Mdogo wa miaka 6 amekaa pale akifuta kibao chake kwa mkono wa shati, na masikio yake yanapokea jiografia ya wakubwa, mashairi ya wakubwa, vita vya uhuru vya wakubwa. Mwaka unaofuata anasikia tena. Anapofika yeye kwenye benchi, somo analijua nusu nzima. Na aliyekuwa nyuma naye alipata bahati ya kusikia tena masomo ya wadogo bila kuaibika kuomba.

Nimeona madarasa makubwa kwetu, watoto tisini na mwalimu mmoja, na najua mwalimu yeyote anayesoma hapa atatabasamu. Lakini kuna tofauti: pale Nebraska watoto walikuwa 15, pengine 30, wa umri mbalimbali, na wakubwa walifundisha wadogo. Si mbinu iliyobuniwa na chuo. Ilikuwa kukosa njia nyingine.

Karibu na mlango palikaa ndoo ya maji na kata moja. Wote walinywea hiyo, mwenye kikohozi na asiye na kikohozi. Kansas ilianza kupiga marufuku kikombe cha pamoja mwaka 1909, na mtu unashangaa walivyopona kabla ya hapo. Katikati lilikaa jiko la chuma. Aliye karibu nalo anaungua, aliye dirishani anatetemeka. Mahali pasipo na kuni walichoma magunzi ya mahindi, nyasi kavu zilizosokotwa, au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Chakula cha mchana kilikuja kwenye makopo ya mafuta ya nguruwe yaliyotobolewa tundu za kupitisha hewa.

Na mwalimu? Mara nyingi msichana wa miaka 17 au 18, aliyemaliza juzi shule ya namna hiyohiyo, akafanya mtihani kwa msimamizi wa elimu wa kaunti na kupata cheti. Alilipwa pungufu ya mwanamume. Aliwasha jiko, alifagia, alifundisha, alifunga mlango. Sehemu nyingi hakuwa na nyumba, akawa analala kwa zamu kwenye nyumba za wazazi: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kitanda kimoja na watoto anaowafundisha. Akiolewa, kamati nyingi zilimwachisha kazi. Wakati wa baridi, vijana wakubwa wa kiume walipokuwa hawana kazi shambani, walikuja shuleni, baadhi yao wakimzidi mwalimu umri na urefu, na kamati zilipendelea kumwajiri mwanamume kwa muhula huo. Muhula wa kiangazi, wa wadogo, ukawa wa wanawake.

Nikiwa hapo, nikuombe jambo. Kuna orodha inayozunguka mitandaoni ya "kanuni za walimu za mwaka 1872", ile inayosema mwalimu mwanamume apewe jioni moja kwa wiki ya kuchumbia na anayenyolewa kwa kinyozi atiliwe shaka. Imebandikwa hata kwenye kuta za makumbusho kadhaa. Hakuna aliyewahi kuonyesha ilikotoka. Usimpelekee mwanao kama historia.

Jambo ambalo ni historia kweli, na linauma, ni tarehe 12 Januari 1888. Asubuhi ile ilikuwa ya vuguvugu baada ya siku za baridi kali, watoto wakaenda shule wengine bila makoti mazito. Dakota wimbi la baridi na theluji liliwafikia katikati ya siku; Nebraska liliingia mchana, saa ambazo shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Theluji ilikuwa laini kama unga, na upepo uliiinua hata mtu asione mkono wake mwenyewe. Karibu na Plainview, mwalimu Lois Royce alibaki na watoto watatu, kuni zikaisha. Nyumba aliyokuwa akikaa haikuwa hata mita 200. Aliwatoa ili wakimbilie huko, wakapotea. Watoto wote watatu walikufa usiku ule mikononi mwake. Yeye alipona, miguu ikakatwa. Minnie Freeman wa Mira Valley (jina limefanana tu na la shule uliyoiona) aliwafikisha wanafunzi wake salama baada ya paa kung'oka, na magazeti yakamfanya shujaa wa taifa. Inakadiriwa waliokufa kwa tufani ile walikuwa kama 235. Mwalimu kijana, peke yake, ndiye aliyepaswa kuamua: tubaki au tutoke? Hapakuwa na mkuu wa shule wa kumuuliza.

Shule ya majirani ina utamu wake na ina ugomvi wake, na Freeman ina ugomvi uliofika mbali. Mwaka 1899 mwalimu Edith Beecher alikuwa akisoma Biblia darasani, akiomba na kuimbisha nyimbo za dini. Daniel Freeman, yuleyule aliyejiandikisha shamba usiku wa manane, alimtaka aache. Mwalimu akajibu kwamba kamati imemruhusu. Kamati ikasimama na mwalimu. Freeman akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, na mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Nebraska ikampa ushindi: shule inayoendeshwa kwa kodi ya wote haiwezi kufanya ibada ya baadhi. Baadaye mahakama ilifafanua kwamba haikukizuia kitabu chenyewe, ilizuia mafundisho ya madhehebu. Hebu fikiria wamekaaje kanisani Jumapili iliyofuata! Na hilo kanisa nalo, kwa miaka fulani, lilikutana ndani ya jengo hilohilo la shule. Humo pia walipigia kura na humo walifanyia midahalo. Ukitaka kujua kwa nini waliipenda hata ilipochakaa, ndiyo sababu: hawakuwa na ukumbi mwingine.

Sasa nisahihishe lile neno. Nimesema ardhi ilipimwa, kisha watu wakaja. Watu walikuwapo. Ardhi ya Beatrice ilikuwa ya Waotoe na Wamissouria, makabila ya wenyeji asilia, waliosaini mkataba wa kuiachia mwaka 1854 na kubaki na eneo dogo kando ya mto Big Blue. Shule ya Freeman ilipojengwa mwaka 1872, wao walikuwa bado wanaishi kusini ya kaunti hiyohiyo. Mwaka 1881 walihamishiwa Oklahoma ya leo. Kwa Kiswahili waliopewa mashamba tunawaita walowezi, na neno hilo kwa mtu wa Kenya lina harufu ya nyanda za juu na watu waliosukumwa pembeni. Kiingereza cha Wamarekani hakina harufu hiyo, na labda ndiyo maana tunaweza kuona jambo hapa ambalo wao hulipita.

Watoto wa wenyeji walikuwa na shule ya aina nyingine kabisa. Mwaka 1884 serikali ilifungua shule ya bweni huko Genoa, Nebraska, ikadumu hadi 1934. Watoto wa makabila zaidi ya 40 walipelekwa humo, wengine mbali sana na kwao, wakanyolewa nywele, wakakatazwa lugha zao. Ziweke shule hizo mbili kwenye ramani moja. Mtoto wa mlowezi alijengewa shule mahali anapoweza kurudi kwa mama yake jioni. Mtoto wa Mwotoe alitengenezewa shule ili asirudi.

Watu weusi walikuwa pande zote mbili za mlango. George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa kilimo, yule aliyesifika kwa karanga, alizaliwa utumwani Missouri. Shule ya jirani ilikuwa ya weupe tu, akatembea hadi Neosho kupata ya weusi, nayo ya chumba kimoja. Mwaka 1886 alijiandikisha shamba la ekari 160 kaunti ya Ness, Kansas, akajenga nyumba ya udongo kwa mikono yake. Hakudumu. Aliondoka baada ya miaka michache, na chuo ndicho kilichomfaa kuliko ngano.

Mwisho, kwa nini zilifungwa. Mwaka 1930 Marekani bado ilikuwa na shule zenye mwalimu mmoja kama 149,000. Mwaka 1960 zilibaki kama 20,000. Miaka kumi baadaye hazikufika 2,000. Kilichoziua si ubaya wa elimu yake. Trekta lilifanya kazi ya wanaume wanne, mashamba yakaungana, familia zikapungua, watoto wakabaki watano kwenye chumba cha thelathini. Barabara zilezile zilizonyooka zikawekewa kokoto, basi la shule likapita. Majimbo yakaanza kutoa fedha zaidi, na mtoa fedha hupenda kuwa na wilaya chache kubwa za kukagua kuliko elfu ndogondogo. Wakulima walipinga, wengine kwa miaka mingi, na walichopinga hasa ni kamati ya watu watatu kuondoka mikononi mwao. Wale wataalamu wa mjini waliokuja kuwaeleza faida za maabara na maktaba walikuwa sahihi kuhusu maabara na maktaba.

Tarehe 11 Aprili 1965 rais Lyndon Johnson alitia saini sheria kubwa ya kwanza ya kupeleka fedha za serikali kuu kwa shule za msingi na sekondari nchi nzima. Alikwenda kuitilia saini Texas, nje ya shule ya chumba kimoja aliyoanzia akiwa na miaka minne, na pembeni yake alimkalisha mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney, aliyekuwa mzee wakati huo. Wakati ule huko Beatrice jiko la Freeman lilikuwa bado linawashwa. Lilizimwa mwaka 1967.